Mibofyo Sita

Saa tisa usiku simu inalia chini ya mto.
Si rafiki, si mpenzi: ni sukari yangu inabisha hodi.
Tatu nukta moja. Mshale unatazama chini.
Baba anaingia na soksi mguu mmoja,
kikombe cha juisi ya tufaha mkononi,
hasemi neno. Miaka sita sasa, tumeshayasema yote.
Nakunywa gizani, meno yakigonga kikombe,
naye anangoja ukingoni mwa kitanda
mpaka mshale ulale.
Nje theluji inaangukia Kajaani
bila kuhesabu kitu.

Mimi nahesabu.
Kongosho langu liliacha kazi nikiwa na miaka tisa,
halikuandika barua, halikuaga,
na tangu hapo zamu zote ni zangu,
Krismasi, usiku, siku ya mtihani.
Nahesabu wanga wa mkate mweusi, wanga wa uji,
wanga wa keki ya binamu yangu Tuukka
anayeniuliza kila mwaka, "Kwani unaruhusiwa?"
Naruhusiwa, Tuukka. Lete na kipande cha pili.

Shangazi Raili anasema ni zile pipi nilizokula utotoni.
Nilimweleza. Nikamchorea hata mchoro.
Sikio la kufa halisikii dawa;
la shangazi ni zima kabisa, na halisikii vilevile.

Januari, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri,
insulini naibeba ndani ya sidiria
kama kuku aliyeatamia yai moja,
maana ikiganda haifai tena.
Jumamosi ni sauna, na joto nalo huiua,
basi naiacha nje, juu ya kiti cha mbao,
naingia kwenye mvuke, huru kwa dakika kumi,
huru nusunusu,
jicho langu kwenye saa ya mchanga.

Kuna kuchoka.
Oktoba nilikibandua kihisi wiki nzima,
nikala nilivyotaka, nikajichoma kwa kukisia,
nikamdanganya muuguzi, nikamdanganya mama,
ulimi ukawa karatasi ya msasa.
Usiniite jasiri. Nilitaka tu kuwa mjinga kidogo,
mjinga kama wenzangu,
mwenye mwili usiouliza maswali.

Halafu jana, choo cha shule, saa ya chakula,
nimejifungia nisome ujumbe,
nikasikia upande wa pili wa ubao:
tik. Tik. Tik.
Wako watu wanaomtambua ndege kwa mlio wake.
Mimi naijua kalamu ile isiyoandika.
Tik, tik, tik. Sita. Kisha kimya.
Chini ya ubao, viatu vya kijani, kamba moja imefunguka:
Saimi, mgeni wa darasa la tisa,
yule asiyekuwa na njaa kila siku.

Ningeweza kunyamaza.
"Sita?" nikauuliza ubao. "Kwa viazi vile vyote?"

Bomba likadondosha maji. Likadondosha tena.
"Mimi sijui bado," sauti ikasema. "Miezi miwili tu."
"Miaka sita," nikasema, "na mimi sijui."
Hapo akacheka, kicheko cha puani,
kama mtu aliyekisahau mahali akakiona ghafla.
Tulinawa mikono bila kutazamana,
majambazi wawili wenye siri moja,
na mezani akainua shati kidogo,
akajichoma palepale, mbele ya viazi.
Mvulana mmoja akatukodolea macho.
Tukamkodolea na sisi. Akarudi kwenye maziwa yake.

Usiku huu saa tisa simu inalia tena.
Si mshale.
"Nne nukta tatu," ameandika. "Sipati usingizi. Wewe?"
"Kumi na moja. Keki ya Tuukka."
Mlangoni Baba amesimama, kikombe mkononi,
soksi mguu mmoja,
hajui airudishe juisi
au ainywe mwenyewe.